Risasi kwenye udongo, risasi kwenye damu: maswali ya wanaoishi karibu na viwanda vya betri na vyuma chakavu

Ukurasa huu ni wa mzazi, mwalimu, mhudumu wa afya ya jamii na mzee wa mtaa mwenye sababu ya kuhofia kuwa ardhi anayoishi imeingia sumu ya metali. Sehemu kubwa inahusu risasi, yaani metali iitwayo "lead" kwa Kiingereza, si risasi ya bunduki, kwa sababu ndiyo inayowadhuru watoto wengi wa mijini kwetu, na kwa sababu pwani ya Kenya tunao mfano ulio wazi: Owino Uhuru. Zebaki na aseniki zimeguswa kuelekea mwisho.

Owino Uhuru kulitokea nini hasa?

Owino Uhuru ni mtaa wa Mikindani, Mombasa, wenye wakaazi wapatao 3,000. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi ubavuni mwa nyumba zao. Ndani ya betri ya gari mna sahani za risasi. Ukiivunja na kuziyeyusha sahani hizo unapata risasi ya kuuza. Moshi ulitua juu ya mabati, maji machafu yakapita vichochoroni, vumbi likaingia kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye vyombo na kwenye viganja vya watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani hapo, aligundua kuwa mwanawe mdogo ana risasi damuni. Akaacha kazi, akawaongoza wakaazi, akakamatwa mwaka 2012, na hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa 2014, na mwaka uliofuata Omido akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakaazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaipindua sehemu ya hukumu hiyo 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Tangu moshi wa kwanza hadi hapo ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kinafunguliwa alikuwa karibu kuchukua kitambulisho.

Mtoto wangu anacheza, anakula vizuri, haumwi. Kwa nini nimpime?

Kwa sababu risasi kwa kawaida haioneshi kitu. Dalili ambazo watu husubiri, yaani tumbo kuuma, choo kigumu, damu kupungua na degedege, huja sumu ikiwa tayari imepanda sana. Kabla ya hapo uharibifu unafanyika kimya kwenye ubongo unaokua: mtoto anachelewa kusema, hatulii darasani, anasahau alichofundishwa jana. Wazazi husema ni mtundu, mwalimu husema ni mzito. Hakuna daktari awezaye kumtazama mtoto wa namna hiyo usoni akajua kuwa ni risasi. Njia ya kujua ni kupima damu.

Mtoto pia si mtu mzima mdogo. Risasi ikiingia tumboni, mwili wake huinyonya mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Naye ndiye anayetambaa chini na kutia mikono mdomoni siku nzima.

Kiwango gani cha risasi damuni ni salama?

Hakuna. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa hakina madhara. Namba utakazozisikia ni za kuamua hatua. Shirika hilo linataka mtoto akifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu (mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, desilita ni sehemu moja ya kumi ya lita), chanzo kitafutwe na kuondolewa. Marekani tangu 2021 inatumia 3.5, kabla ya hapo ilikuwa 5, na kabla ya 2012 ilikuwa 10. Namba hizo hazikushuka kwa sababu watoto wamekuwa dhaifu. Zilishuka kwa sababu kila utafiti ulipochimba chini zaidi ulikuta madhara, na ukakuta pia kwamba hasara ya akili kwa kila mikrogramu inayoongezeka ni kubwa zaidi pale damu ikiwa bado chini ya 10.

Kwa hiyo mtu akikuambia mtoto wako "yuko chini ya kiwango," muulize kiwango cha mwaka gani, na kiliwekwa kwa ajili ya kuamua nini.

Wataalamu wakija "kutathmini hatari" wanafanya nini?

Wanatafuta majibu ya mambo manne: sumu ni ipi na inafanya nini mwilini; inaleta madhara ikiwa kiasi gani; inamfikia nani, kwa njia ipi, kiasi gani kwa siku; na mwisho, ukiyaunganisha hayo, hatari ni kubwa kiasi gani. La tatu ndilo linaloharibiwa mara nyingi, kwa sababu linahitaji mtu aingie nyumbani, aone watoto wanacheza wapi, maji yanatoka wapi, baba anavua wapi nguo za kazi.

Chukua hesabu hii, unaweza kuifanya mwenyewe. Mtoto mdogo humeza udongo na vumbi kiasi cha miligramu 100 kwa siku, yaani sehemu moja ya kumi ya gramu. Haimaanishi anakula udongo. Ni ule unaobaki vidoleni. Kama udongo wa uani una miligramu 1,000 za risasi kwa kila kilo, atameza mikrogramu 100 za risasi kila siku. Sasa mpe maji yenye mikrogramu 10 kwa lita, ambacho ndicho kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani. Akinywa lita nzima atapata mikrogramu 10. Udongo umempa mara kumi zaidi ya maji. Na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inapochunguza vyakula vya watoto, inaanza kuhangaika risasi ikifika mikrogramu 2.2 kwa siku.

Ndiyo maana ripoti inayosema "maji yamepimwa, yako sawa" haijamaliza kazi. Mara nyingi ni kwamba maji ni rahisi kupima.

Mtafiti alipima udongo wetu akasema kiashiria cha hatari kiko chini ya 1, kwa hiyo tuko salama. Ni kweli?

Swali hili lina uzito, kwa hiyo tulikalie kidogo.

Kiashiria hicho hupatikana kwa kuchukua kiasi cha metali anachopata mtu kwa siku, ukakigawa kwa kiasi kinachochukuliwa kuwa hakidhuru. Jibu likiwa chini ya 1, hatari inahesabiwa kuwa ndogo. Kwa metali kama kadimiamu njia hiyo ina mantiki. Kwa risasi haina, kwa sababu hakuna kiasi kisichodhuru cha kugawia.

Basi namba inatoka wapi? Ripoti nyingi hutumia miligramu 0.0035 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Asili yake ni kiwango cha zamani cha kimataifa cha mikrogramu 25 kwa kilo kwa wiki. Gawanya kwa siku saba utaipata. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo ilikiondoa kiwango hicho mwaka 2010, ikieleza kuwa hakiwezi tena kuchukuliwa kuwa kinalinda afya. Bado kinanakiliwa kutoka tasnifu moja kwenda nyingine.

Tazama matokeo yake. Mtoto wa kilo 15, kwa hesabu hiyo, ataruhusiwa mikrogramu 52 kwa siku. Udongo wenye miligramu 500 za risasi kwa kilo utampa mikrogramu 50, na kiashiria kitasoma 0.95: salama. Lakini Marekani mwaka 2024 ilishusha kiwango chake cha kuanza kuchunguza udongo wa makazi kutoka 400 hadi 200. Udongo uleule ambao ripoti imeupitisha ungewaleta wakaguzi mlangoni kwako huko. Hatuwalaumu wanafunzi, wengi wamefundishwa hivyo. Ila ripoti ya namna hiyo isikubaliwe barazani wala mahakamani kuwa ni ushahidi wa usalama.

Udongo unachukuliwaje ili majibu yawe ya kweli?

Pale mtoto anapocheza, juu kabisa, sentimita mbili za kwanza. Ukichimba futi moja unapima udongo ambao hakuna anayeugusa, na huenda ukaonekana safi. Chukua vijiko kutoka sehemu kadhaa za uani, changanya, weka kwenye mfuko safi, andika mahali na tarehe. Chukua pia mlangoni, chini ya michirizi ya paa na njiani kuelekea shule. Maabara ikaushe na kuchekecha, kwa sababu chembe laini ndizo zinazong'ang'ania vidole. Chukua vilevile sampuli za mtaa wa mbali usio na kiwanda. Bila ya kulinganisha, namba haisemi mengi.

Owino Uhuru ililinganishwa hivyo na Bangladesh, mtaa mwingine wa mabanda hukohuko Mombasa. Maisha yanafanana, umaskini unafanana. Watoto wa Owino Uhuru walikutwa na wastani wa risasi damuni takriban mara mbili ya wale wa Bangladesh. Ulinganisho huo ndio unaofunga mdomo hoja kwamba "hata mitaa mingine iko hivyo."

Tukiweza kupima wachache tu damu, tuanze na nani?

Watoto wa miezi sita hadi miaka sita, hasa wanaoishi upande upepo unakoelekea. Kisha akina mama wajawazito, kisha wafanyakazi wa kiwanda na watoto wao hata kama wanaishi mbali, kwa sababu risasi hurudi nyumbani na nguo za kazi.

Damu ya mshipa ni bora kuliko tone la kidole. Kidole chenye vumbi la risasi kitatoa jibu la juu lisilo la kweli, kwa hiyo jibu la juu la kidole lazima lithibitishwe kwa damu ya mshipa. Si kila hospitali ina kipimo hiki. Uliza maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Kenya na Tanzania, au hospitali ya rufaa.

Kuna mashine ya kushika kwa mkono inayoonesha sumu zote mwilini. Inafaa?

Haifai. Haipimi risasi, na wanaoitumia mara nyingi wanayo dawa ya "kusafisha mwili" ya kukuuzia baadaye. Pesa hiyo nunulia mtoto dagaa na maziwa.

Majibu yamerudi. Dawa ipo?

Ipo kwa waliofika juu. Watoto wenye mikrogramu 45 kwa desilita au zaidi hupewa dawa inayoishika risasi na kuitoa kwa mkojo, chini ya uangalizi wa daktari. Chini ya hapo, matibabu yenyewe ni kumtenga mtoto na chanzo, na kumlisha vizuri.

Hata dawa haina maana mtoto akirudi kwenye udongo uleule. Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2010, zaidi ya watoto 400 walikufa baada ya mawe ya dhahabu yenye risasi kusagwa majumbani. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipoingia, halikuwatibu watoto wa kijiji ambacho udongo wake haujaondolewa. Uamuzi mgumu mbele ya mama aliyebeba mtoto mgonjwa, lakini ulikuwa sahihi.

Jambo jingine: nusu ya risasi iliyo damuni huondoka kwa takriban mwezi mmoja, nyingine hujificha mifupani kwa miongo. Mtu aliyepimwa miaka mitano baada ya kiwanda kufungwa akakutwa na namba ndogo hajathibitishiwa kuwa hakudhurika. Kipimo kimesema tu anachopata sasa.

Kazini tunapewa maziwa. Yanaondoa risasi?

Hapana. Chakula chenye kalsiamu na chuma kinapunguza kiasi ambacho utumbo unanyonya, na mtu mwenye njaa hunyonya zaidi, kwa hiyo mtoto asitoke kucheza bila kifungua kinywa. Lakini unachovuta puani kinaingia mapafuni na kwenda damuni bila ya kukutana na maziwa. Mwajiri anayegawa pakiti ya maziwa badala ya kifaa cha kuchuja moshi, barakoa ya kweli na bafu la kuogea hajawalinda wafanyakazi wake.

Nina mimba. Risasi ya zamani inaweza kumfikia mtoto?

Inaweza, na ni vizuri ujue mapema. Mwili wa mjamzito huchota kalsiamu kutoka mifupani ili kumjenga mtoto, na risasi iliyolala humo hutoka pamoja nayo. Inavuka kondo la nyuma. Mwambie muuguzi wa kliniki kuwa uliishi au ulifanya kazi karibu na kiwanda, hata kama ni zamani. Kula vyakula vyenye kalsiamu, na meza vidonge vya kuongeza damu unavyopewa. Acha odowa na udongo mwingine wa kula; hamu hiyo ni ya kweli na si aibu, lakini udongo huo hakuna aliyeupima. Kuhusu kunyonyesha, kwa mama wengi faida inabaki kuwa kubwa kuliko hatari. Usiache bila kupimwa na kushauriwa.

Kiwanda kimefungwa zamani. Si yamekwisha?

Risasi haiozi. Mgodi wa Kabwe, Zambia, ulifungwa 1994, na watoto waliozaliwa baada ya hapo bado wanakutwa na risasi nyingi damuni. Kufunga mlango kunazuia risasi mpya tu. Iliyokwisha kutua itakaa hadi iondolewe au ifunikwe.

Hatuna pa kuhamia. Leo tufanye nini?

Funika udongo mtupu wa uani: saruji ukimudu, ama udongo safi ulioletwa kutoka mbali na kushindiliwa, ama nyasi. Usifagie kwa ufagio mkavu. Nyunyiza maji kwanza, na sakafu ipigwe deki kwa kitambaa kibichi. Viatu vibaki mlangoni. Mtoto anawe kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala, kucha ziwe fupi. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za watoto. Mkeka wa kulalia mtoto usikutwe chini ya dirisha linaloelekea kiwandani.

Hatua hizi zinapunguza, hazimalizi. Na tunazisema kwa uangalifu, maana tumesikia mama akiulizwa kwa nini hakufagia vizuri, wakati aliyemwaga sumu hakuulizwa lolote. Wajibu wa kusafisha ni wa aliyechafua na wa serikali iliyompa kibali.

Maji tukiyachemsha?

Kuchemsha kunaua vijidudu. Metali haiendi popote. Maji yakipungua sufuriani, sumu inakolea.

Mboga za hapa tuzile?

Sukuma wiki na mchicha hushika vumbi juu ya majani kuliko zinavyonyonya kutoka ardhini. Osha mara kadhaa kwa maji mengi, tupa majani ya nje. Mboga za mizizi menya. Kama udongo umethibitika kuwa mchafu, panda kwenye magunia yenye udongo wa kwingine.

Hatuishi karibu na kiwanda chochote. Risasi inaweza kuwemo nyumbani?

Ndiyo. Wanja wa manga wa asili mara nyingi ni jiwe la risasi lililosagwa, na pwani tunawapaka hata watoto wachanga. Tafadhali acheni kwa watoto. Rangi za zamani zinazobanduka ukutani na kwenye vitanda vya watoto, sufuria zilizosubiwa kwa vyuma chakavu mchanganyiko, na fundi anayefungua betri uani, vyote ni vyanzo. Rangi mpya haipaswi kuzidi sehemu 90 za risasi kwa milioni. Chagua mkebe wenye alama ya shirika la viwango. Jaa la taka nalo: mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilichunguza watoto 328 waliokuwa karibu na jaa la Dandora, Nairobi, na nusu yao walikuwa na risasi damuni kupita kiwango cha wakati huo.

Na wachimbaji wadogo wa dhahabu?

Geita, Chunya, Migori: shida ni zebaki. Mchimbaji huichanganya na mchanga wa dhahabu, kisha huichoma ibaki dhahabu, na mvuke wake ndio unaodhuru zaidi, hasa ukichomea jikoni au mbele ya watoto. Kipimo chake si kile cha risasi: kwa mvuke hupimwa mkojo, kwa zebaki ya samaki hupimwa nywele. Zebaki imo pia katika baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi, na hizo hazina faida yoyote ya kuhalalisha hatari yake.

Na aseniki?

Hiyo huja zaidi na maji ya visima, na baadhi ya visima katika ukanda wa dhahabu wa Ziwa Victoria vimekutwa na kiasi kinachozidi mikrogramu 10 kwa lita. Haina ladha wala harufu. Ikinywewa miaka mingi huleta madoa na ukakamavu wa ngozi, na saratani. Hapa maji ndiyo ya kupima kwanza.

Je, kuyeyusha betri kupigwe marufuku?

Hatudhani hivyo. Betri za magari, pikipiki na sola zinaongezeka kila mwaka, na zisipopokelewa mahali panapofaa zitafunguliwa uani kwa mtu. Kinachotakiwa ni tanuri lililofungwa, vichujio vinavyofanya kazi usiku pia, nafasi ya kutosha kati ya kiwanda na makazi, damu za wafanyakazi kupimwa mara kwa mara, na majibu kupewa wao wenyewe. Kiwanda kisichoweza hayo hakifai kupewa kibali katikati ya watu.

Tukitaka kulalamika, lazima kwanza watoto waugue?

Hapana. Kenya, Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuonesha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inatoa haki hiyo pia. Anzeni na barua kwa NEMA, inayosimamia mazingira Kenya, au NEMC, inayosimamia mazingira Tanzania, nakala kwa afisa wa afya wa kaunti au wilaya, na mhakikishe nakala yenu inagongwa muhuri wa kupokelewa.

Wekeni daftari la mtaa: tarehe, saa za moshi, upepo ulielekea wapi, nani aliugua, nani alipimwa, namba zilikuwa ngapi. Kila mzazi abaki na karatasi ya majibu ya mtoto wake, na nakala yake itunzwe nyumba nyingine, kwa mtu mnayemwamini.